Maua ya mezani kwa mahafali ya mdogo wangu: meza 15, siku 9 zimebaki, na mimi sijawahi kupamba hata beseni

Kipepeo wa Tegeta (mleta uzi)

Wakuu salaam, naombeni msinicheke kwanza mnisaidie alafu mtacheka baadae.

Mdogo wetu wa mwisho anamaliza chuo, sherehe ni Jumamosi ya wiki ijayo hapa hapa nyumbani Tegeta chini ya tenti, watu kama 150, meza 15 za duara za watu kumi kumi. Chakula mama mdogo kashabeba, MC yupo, viti na tenti vimelipiwa. Kilichobaki ni maua ya mezani. Mpambaji tuliyeongea nae tangu mwezi wa nane juzi kanipigia eti bei imebadilika, maua ya katikati ya meza peke yake anataka laki 6, nikamuuliza dada hayo maua yanaimba? Akakata simu. Na mimi kwa kiherehere changu kwenye kikao cha familia nikasimama mbele ya baba wakubwa wote nikasema "niachieni mimi". Hapo ndo nilipojiroga.

Jumapili nikafanya majaribio. Nimeenda Kariakoo nimenunua tofali moja la Oasis, ile sponji ya kijani ya kuchomekea maua, na mawaridi kumi. Nikajaza maji kwenye ndoo nikalizamisha lile tofali kwa mkono hadi chini nikalikandamiza mpaka likaacha kutoa mapovu, nikalikata, nikachomeka maua, nikapiga picha nikarusha kwenye grupu la familia, nikapewa mahongera kibao. Hiyo ilikuwa saa nne asubuhi. Saa kumi na mbili jioni mawaridi yote yameinamisha vichwa kama wanafunzi walioambiwa ada haijafika. Nikalipasua lile tofali kwa kisu, nje limelowa chapachapa lakini katikati kavu kabisa linapukutika kama mkate wa juzi. Sasa maji niliyaona yanaingia kwa macho yangu, yalienda wapi?

Na swali la pili, meza zetu mnazijua. Kuna chupa za soda, kuna maji makubwa, kuna sahani ya pilau imejaa hadi pembeni, hayo maua yanakaa wapi bila mtu kuyaangusha?

---

Mzee wa Mnuso

Dada yangu mtu anakuja kula hakuja kuangalia waridi. Hela ya maua ongezea kilo za nyama. Ni hayo tu.

---

Kisu na Kamba

Kipepeo usimsikilize huyo, ni hao hao wanaopiga selfie na maua kabla nyama haijafika mezani.

Nafanya mapambo Arusha mwaka wa kumi na moja sasa, nikujibu. Kosa lako ni ule mkono. Oasis halizamishwi. Unaliweka juu ya maji, unaondoa mkono, unaliacha lizame lenyewe. Linazama taratibu, dakika moja hivi, rangi inabadilika inakuwa kijani kilichokolea. Ukilikandamiza maji yanaloweka ngozi ya nje haraka na hewa inafungiwa ndani haina pa kutokea, yale mapovu uliyoona ni ya pembeni tu. Kwahiyo maua yako yalichomekwa kwenye ukavu. Tofali moja likilowa vizuri linakunywa karibu lita 2, ukilinyanyua unausikia uzito. Likishakauka mara ya pili usihangaike nalo, halinywi tena kama mwanzo. Na ukichomeka shina ukaona umekosea ukachomoa, usirudishe kwenye tundu lile lile, linabaki na hewa, toboa jipya.

Swali la pili: kitako cha chombo kisizidi upana wa sahani ya wali, basi. Kuhusu urefu, kaa kwenye kiti, weka kiwiko mezani, nyanyua mkono ukunje ngumi. Maua yasipite ngumi. Yakipita hapo shangazi atakuwa anaongea na waridi badala ya mume wake. Ukitaka marefu basi yawe marefu kweli, juu ya fimbo nyembamba, watu waonane chini yake, ila chini ya tenti yenye upepo sikushauri, utaokota maua hadi kwa jirani.

---

mjukuu wa Kitonga

Nimeweka kambi hapa, wangu anamaliza form four mwakani.

---

Kipepeo wa Tegeta

@Kisu na Kamba nimeelewa mpaka nimejishika kichwa. Kumbe nililizamisha kama nguo za kufua.

Sasa nihesabie basi. Kila meza mawaridi mangapi yasionekane ya umasikini?

---

Kisu na Kamba

Saba yanatosha kama majani yapo ya kutosha, na usije ukaweka sita au nane, namba witiri inakaa vizuri zaidi machoni, nane yanajipanga yenyewe kama paredi ya JKT. Meza 15 mara 7 ni 105. Meza kuu weka 25. Kumi ya akiba maana yatavunjika shingo tu hata ufanyeje. Jumla 140. Huku kwetu bunda ninalochukua lina 20, kwahiyo bunda 7. Agiza huku Arusha yapakiwe kwenye boksi yaje na basi la usiku, Jumatano jioni linaondoka Alhamisi alfajiri uko Mbezi unachukua boksi lako. Ukinunua ya Dar sio mbaya ila mengi yametoka huku huku, unalipia na kupumzika kwake njiani.

Yakifika yatakuwa yamelala, usipige kelele. Toa majani yote yatakayokaa ndani ya maji, jani likioza kwenye maji ndo linaua ua. Kata kikonyo kwa mshazari kama sentimita 2 au 3, kwa kisu kikali au mkasi maalum wa matawi, sio mkasi wa kukatia karatasi wa mwanao, ule unabana mirija. Ukiweza katia ndani ya maji kabisa. Alafu ndoo za maji, sehemu yenye giza na baridi, uyaache mpaka Ijumaa. Usianze kupamba siku hiyo hiyo yamefika.

---

Chuma Ulete wa Mbagala

Mimi nasema ukweli, maua ya plastiki yapo Kariakoo yamejaa, unanunua mara moja unapamba mahafali, unapamba send off, unapamba kipaimara, ukichoka unaosha na omo. Hii habari ya kuamka alfajiri kupokea waridi stendi kama unapokea mgeni ni mateso ya kujitakia.

---

Kipepeo wa Tegeta

Nililifikiria hilo kaka. Ila mama yetu ana maua ya plastiki sebuleni tangu mdogo wangu hajaanza chekechea, yana vumbi la awamu tatu za uongozi. Nikimletea mengine atayaweka pembeni ya yale.

---

Bi Kikuba

Assalam alaikum wanangu. Mimi niko Unguja, nimesoma huu uzi wote nimeona waridi, waridi, waridi. Hivi sherehe siku hizi haina harufu? Hayo mawaridi ya mashambani yamekuzwa yawe na shingo ndefu na safari ndefu, ukiyanusa mengi hunusi kitu. Sie huku mtoto akihitimu, hata khitma ya chuo cha Kurani, unaweka asumini na mrehani. Asumini unayachuma alasiri yangali matumba, yamefumba, unayaweka kwenye sinia lenye kitambaa kimaji, yanafumbuka yenyewe magharibi na pale ndipo wageni wanapoingia. Ukipata na kilua mbili tatu ukachanganya, wallahi mtu akikaa meza ile hanyanyuki.

Asumini hayakai kwa kusimama kwenye chupa, kikonyo chake kifupi. Yatie kwenye kibakuli kidogo chini ya hayo mawaridi yako, au ufunge vikuba, vile vishada vidogo vya maua ya kunukia, uweke kimoja kimoja kwenye kila sahani ya bibi. Na mrehani tumia badala ya hayo majani ya kununua. Mrehani kila soko upo.

---

Kipepeo wa Tegeta

Waalaikum salaam bibi yangu, shikamoo. Hili la mrehani limenimaliza kabisa, nilikuwa natafuta majani ya kununua kumbe yapo kwa jirani kwenye ndoo. Asumini kwa hapa sherehe inaanza saa nane mchana nadhani yatakuwa yamenuna bado, ila nitaangalia.

---

Bi Kikuba

Marahaba mwanangu. Saa nane acha, yatakuwa yamelala. Weka kwa ajili ya usiku, watu wa ndani.

---

Kijani Kibichi

Naomba niingilie na msinione mnoko. Hiyo Oasis ni plastiki. Ilianza Marekani mwaka 1954, na mpaka leo ya kawaida haiozi, inapukutika tu inakuwa vumbi linaenda kwenye mifereji. Niko Uingereza, wale RHS, chama cha bustani cha huku, wanaoandaa maonyesho ya maua ya Chelsea Flower Show waliipiga marufuku kwenye maonyesho yao tangu 2021. Sisi tuliokatazana mifuko ya plastiki tangu tarehe 1 Juni 2019, alafu kila harusi tunatupa tofali kumi jalalani?

Kuna njia. Chukua chupa yenye mdomo mpana, bandika selotepu nyembamba juu ya mdomo, mistari mitatu hivi na mitatu hivi, inakuwa kama dirisha la nondo. Kila kijidirisha kinashika maua mawili matatu yanasimama yenyewe. Au kunja wavu wa kuku uwe kama mpira uingize ndani ya chombo. Maua yanakunywa maji moja kwa moja bila sponji, na yanadumu zaidi.

---

Mzee wa Mnuso

Au tumia mgomba. Kijijini kwetu tunachomeka kila kitu kwenye mgomba, una maji ndani kuliko hiyo sponji yenu na ni wa bure. Mnaona na mimi nina mchango.

---

Kipepeo wa Tegeta

Wakuu nimejaribu vyote viwili leo.

Selotepu: inafanya kazi, LAKINI mdomo wa chupa uwe mkavu kabisa kabla ya kubandika, mimi nilijaza maji kwanza kwa haraka zangu ikawa inateleza kama kambale. Bandika kwanza, jaza maji baadae kwa jagi dogo.

Mgomba: nimekata kipande kama futi mbili, nikakipasua kwa urefu, nikakilaza na upande bapa chini. Shina la waridi laini halipenyi, linapinda, inabidi utoboe kwanza na msumari wa nchi nne au bisibisi ndo uchomeke. Vikiingia vimeingia, vinasimama kama askari. Imependeza kwa kweli nimeipa jina Titanic. Tatizo nililiweka juu ya shuka jeupe la mama kujaribu picha itatokaje. Utomvu umetoka. Shuka sasa lina ramani ya ziwa Rukwa ya rangi ya kahawia na sabuni imegoma, limao limegoma, mama hajui bado.

---

Mzee wa Mnuso

Mgomba ulisemwa, shuka la mama sikusema.

---

Kisu na Kamba

Doa la mgomba halitoki hilo, mnunulie mama shuka ukaombe msamaha ukiwa na mfuko mkononi. Mgomba ukikatwa uache uchuruzike nusu siku nje, alafu weka kwenye sinia au jani zito na nailoni chini. Vitambaa vya meza vya kukodi ukiviharibu unalipa.

---

nairobi_na_miti

Niko Nairobi, maua huwa nachukua City Market pale Muindi Mbingu na nimefanyia marafiki sherehe kadhaa. Kitu moja sijaona mtu amesema, hayo maua Alhamisi hadi Jumamosi utayaweka wapi? Usiwahi weka kando ya matunda. Ndizi zikiiva, maembe, tufaha, zinatoa gesi inaitwa ethilini, hiyo ndiyo inaivisha matunda na kwa maua inayazeesha, petali zinaanguka tu hata kama maji yako safi. Mimi niliwahi poteza ndoo mzima juu ya papai mbili.

---

Kipepeo wa Tegeta

Nisome hii tena. Mama mdogo ameweka maembe mawili matatu ndani ya STOO. Namaanisha matenga mawili matatu. Na mikungu ya ndizi ya saladi ya matunda. Na mimi ndo nilikuwa nimepanga maua yakae stoo kwa sababu ndo kuna giza na ubaridi.

Dada wa Nairobi Mungu akupe mume, kama unae akuongezee hela.

---

nairobi_na_miti

😂😂 Niko na yeye, leta hela.

---

Kisu na Kamba

Weka bafuni sakafuni. Vigae vina baridi. Na maji usitumie ya kisima kama ni ya chumvi, hapo Dar visima vingi vina chumvi na waridi haipendi. Kwa kila lita ya maji tia kijiko cha chai cha sukari, kijiko cha chai cha Jik na vijiko viwili vya chai vya maji ya ndimu.

---

Chuma Ulete wa Mbagala

Kwahiyo ua linakunywa juisi ya ndimu yenye Jik. Plastiki yangu inakunywa vumbi tu.

---

Kisu na Kamba

Sukari ndo chakula chake maana umelikata kwenye mti. Ndimu inafanya maji yapande haraka kwenye kikonyo. Jik inaua bakteria, bila hiyo sukari inalisha bakteria wanaziba mirija. Usizidishe Jik ukadhani unafua.

---

Mama Wawili Ohio

Habari zenu, huku Marekani mahafali ni mwezi wa tano na wa sita na kila mzazi anajipambia. Kinachopendwa ni picha za mhitimu kwenye vijiti katikati ya maua, kutoka anatambaa hadi leo, kila meza umri wake. Watu wanahama meza kwenda kuangalia. Pia alizeti kubwa tatu kwenye chupa zinapendeza mno, na nyie si mnalima Singida huko, bei rahisi?

---

mjukuu wa Kitonga

Mama, alizeti ya Singida inapandwa na mvua za Disemba na Januari na kuvunwa katikati ya mwaka. Saa hizi mwezi wa kumi na moja shambani kuna vumbi na mbuzi.

---

Kipepeo wa Tegeta

Picha nazichukua hizo, mdogo wangu ana picha ya chekechea amevaa joho kubwa kuliko godoro analia. Hiyo inaenda meza kuu.

---

Kipepeo wa Tegeta

MREJESHO. Samahanini nimechelewa, nililala Jumapili nzima.

Alhamisi saa kumi na moja alfajiri nipo stendi ya Magufuli pale Mbezi. Boksi likatolewa kwenye buti chini ya magunia ya vitunguu. Nimelifungua kwa bodaboda pale pale, mawaridi yamelala yote 140 shingo chini, nikataka kulia mbele ya konda. Nikakumbuka "usipige kelele". Nyumbani nikayakata kwenye beseni la maji moja moja, mikono yote miba, mtoto wa jirani ananihesabia, ndoo sita bafuni, familia nzima ikahamia kuoga kwa wapangaji. Jioni waridi kumi na tano hivi zilikuwa bado zimeinama, nikazilaza mzima mzima ndani ya beseni kubwa zimezama na kichwa kama lisaa limoja. Zikanyooka wakuu. Nimeangalia ua likinyanyua kichwa, sikuwahi kudhani nitamwita mtu aje kuangalia kitu kama hicho.

Ijumaa kuanzia saa mbili usiku tukaanza kupanga. Chupa niliazima kwa mama mmoja mtaani anaeuza achari, 15 za mdomo mpana, tukazungushia kamba ya katani tukafunga fundo mbele. Selotepu kwanza. Alafu mrehani pande zote mpaka selotepu isionekane, alafu mawaridi matatu marefu katikati na manne mafupi yanayotazama nje, alafu unaizungusha chupa polepole uone kama kuna upande una upara. Ya kwanza ilinichukua dakika arobaini. Ya kumi na tano dakika sita. Ukiyaangalia meza ya kwanza na ya mwisho utadhani wamepamba watu tofauti, kwahiyo ya kwanza nikaipeleka meza ya vijana wa chuo ambao hawakuiangalia hata mara moja.

Meza kuu Titanic ilirudi, juu ya sinia, nailoni chini, jani la mgomba juu ya nailoni, na picha ya mtoto analia katikati. MC aliitangaza mara tatu. Saa tisa jua lilihama likaingia upande wa magharibi wa tenti, meza mbili za pale maua yakaanza kunyong'onyea, tukazihamisha, na kuna kijana wa muziki alikuwa ameelekeza feni lake kubwa moja kwa moja meza kuu nikamfata mbio. Feni linakausha maua kuliko jua, hiyo nimejionea. Na mrehani ulinukia mpaka mjomba mmoja akawa anachuma kutoka kwenye chupa anatia kwenye supu. Meza namba tisa ilimaliza sherehe haina jani hata moja.

Bi Kikuba, asumini nilipata kidogo kwa mama mmoja wa Bagamoyo, nikaweka kwenye kibakuli sebuleni kama ulivyosema, wageni wameshaondoka saa tatu usiku tumebaki sisi wenyewe, baba anauliza nani kapulizia manukato.

Gharama sitaki kuziandika kwa sababu shuka limo humo humo, ila laki 6 sijaifikia hata nusu.

Sasa shida yangu. Wakati wa kuondoka kila shangazi anabeba ua, mtu kavua kanga ya juu kafungia chupa nzima kama mtoto. Sikuweza kumzuia mtu siku ya furaha. Chupa 15 nilizoazima zimerudi 11. Mwenye achari kashaniuliza mara mbili. Kama kuna ndugu yangu yupo humu na ana chupa yenye kamba ya katani, ua kaa nalo, chupa sio yetu.

---

Kisu na Kamba

Hongera mdogo wangu. Ukipata meza 15 nyingine usikubali chini ya laki 3.

---

Bi Kikuba

Maashallah. Na huyo mjomba wa supu mpe salamu zangu, ndiye aliyeelewa.

---

mgeni_wa_leo

Dada nimejiunga leo kwa ajili hii. Moja iko kwangu, Mwenge. Mawaridi bado yamesimama na leo Jumatano, nasubiri yafe ndo nilete chupa. Usimwambie mama mdogo kama ni mimi.